Je, Wajua? Dakawa, maji ya mpunga hupandishwa kwa umeme

Mashamba ya mpunga ya Dakawa, wilayani Mvomero, yako kando ya Mto Wami, lakini maji hayaingii yenyewe. Mto uko chini, majaruba yako juu. Pampu za umeme huvuta maji na kuyamwaga kwenye mfereji mkuu. Kutoka hapo hushuka yenyewe, lango hadi lango, mpaka jaruba la mwisho. Umeme ukikatika mpunga unapochanua, mkulima hapati usingizi.

Eneo lote ni takriban hekta 2,000. Zamani lilikuwa shamba la NAFCO, shirika la umma. Leo wakulima wenyewe wanaliendesha kupitia ushirika wao, UWAWAKUDA.

Hata hivyo, kuvuta maji kunahitaji kibali cha Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu, yenye makao yake Morogoro, chini ya Milima ya Uluguru. Bodi hiyohiyo husimamia Ruvu, mto wa Uluguru unaoinywesha Dar es Salaam.

Lakini mito ya bonde hilo hufurika pia: mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yalisomba Reli ya Kati pale Kilosa. Unalima ukingoni mwa mto? Sheria inakataza shughuli zinazouharibu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wake.