Zana Isiyojieleza: Mawakala wa Akili Unde na Ramani ya Tungue

Mji wa Palma, ulioko kwenye ghuba ya Tungue kaskazini mwa pwani ya Cabo Delgado nchini Msumbiji, upo takribani nyuzi 10.78 kusini mwa ikweta na nyuzi 40.47 mashariki mwa Greenwich, na namba hizo mbili zinatosha kuonyesha kwa nini maelezo ya matumizi ya programu yamekuwa suala zito tangu akili unde ilipoanza kukabidhiwa kazi badala ya kuulizwa maswali tu. Programu ikizisoma namba hizo kinyumenyume, ikaifanya ya pili kuwa ya kwanza, Palma itahamia katika maji ya bahari ya Atlantiki, magharibi mwa pwani ya Ureno. Na ikiidondosha alama ya kutoa, ambayo katika kompyuta ndiyo inayoashiria kusini, mji huo utaangukia katika eneo la Afar nchini Ethiopia.

Wakala wa akili unde ni programu ambayo, ikipewa lengo kwa maneno ya kawaida, huamua yenyewe hatua za kufuata na kuziita programu nyingine ziifanyie sehemu za kazi hiyo, na programu hizo zinazoitwa ndizo zana. Wakala haoni undani wa zana. Anachokiona ni jina lake, maelezo mafupi ya kazi yake, na orodha ya vigezo, yaani taarifa ambazo zana hutaka ipewe kabla ya kuanza kazi. Itifaki ya Model Context Protocol, iliyotangazwa na kampuni ya Anthropic mwezi Novemba 2024 na ambayo sasa hutumiwa na kampuni nyingi, imejengwa juu ya mpangilio huohuo, kwa hiyo sentensi chache za maelezo ndizo karibu elimu yote aliyo nayo wakala kuhusu zana iliyo mbele yake.

Ramani huria ya OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, inaonyesha vizuri ugumu wa jambo hili. Kimbunga Kenneth kilipoipiga Cabo Delgado tarehe 25 Aprili 2019, watu wa kujitolea wa nchi mbalimbali walichora nyumba na barabara za mkoa huo kutokana na picha za setilaiti, na kazi yao imebaki katika hifadhidata ambayo yeyote anaweza kuitumia. Kuna zana iitwayo Nominatim, inayopokea jina na kurudisha mahali, na nyingine iitwayo Overpass, inayotoa vyote vilivyochorwa ndani ya mipaka minne. Overpass huitaka mipaka hiyo kwa utaratibu wa kusini, magharibi, kaskazini, mashariki. Nominatim huirudisha kwa utaratibu wa kusini, kaskazini, magharibi, mashariki. Na GeoJSON, muundo wa data za ramani uliosanifishwa mwaka 2016, huanza na magharibi. Kila utaratibu ni sahihi mahali pake, lakini wakala anayechukua jibu la zana moja na kulipeleka kwenye nyingine, akiwa amesoma tu kwamba inahitaji "namba nne za mipaka", hana njia isipokuwa kubahatisha.

Mtaalamu wa kibinadamu huyavumilia maelezo mabovu kwa sababu huitazama ramani, hushtuka akiiona Palma baharini, kisha hurekebisha. Wakala hupokea namba, na asipopata onyo lolote huendelea na hatua inayofuata, hata kosa likafika kwenye ripoti bila kupiga kelele. Majina nayo yana mtego wake: Palma ni pia jina la mji mkubwa wa visiwa vya Baleari nchini Hispania, na Kionga, mji mdogo karibu na mdomo wa mto Ruvuma ambao Wajerumani waliuchukua mwaka 1894 na Wareno wakauchukua tena mwaka 1916, huandikwa pia Quionga. Mwandishi wa zana anapaswa kueleza kwamba msimbo wa nchi, ambao kwa Msumbiji ni mz, utajwe katika kila utafutaji, na kwamba jina lisipopatikana kwa tahajia moja lijaribiwe kwa nyingine.

Maelezo mema, basi, husema wazi: "Andika latitudo kwanza, kisha longitudo, kwa desimali, kusini mwa ikweta weka alama ya kutoa, Palma ya Msumbiji ni -10.78, 40.47." Mfano mmoja wa kweli wa namna hii hufaa kuliko aya nzima ya sifa za programu. Maelezo hayo hutaja vilevile kikomo cha matumizi, kwani seva ya umma ya Nominatim hairuhusu zaidi ya ombi moja kwa sekunde, kiwango ambacho mtu hakipiti kwa urahisi kwa vidole vyake lakini wakala hukipita bila kujua.

Lililo zito kuliko yote ni maana ya jibu tupu. Zana ikirudisha orodha isiyo na nyumba hata moja, huenda hakuna aliyepachora mahali hapo, na zana ikirudisha nyumba mia moja, hilo halithibitishi kwamba zina wakazi, hasa katika wilaya ambayo maelfu ya watu waliikimbia baada ya shambulio la Machi 2021 dhidi ya Palma. Zana isiyoeleza kwamba data zake ni michoro ya majengo na si hesabu ya watu, wala isiyotaja tarehe ya michoro hiyo, inaweza kumfanya wakala apange mgao wa chakula kwa ajili ya kijiji kilichohamwa na kuwasahau waliohamia kwingine.

Kwa sababu hiyo maelezo ya zana hayawezi kuachiwa waandishi wa programu peke yao. Wavuvi wa Tungue wanajua ni njia zipi za kandokando ya mikoko hupitika maji yakipwa na kufunikwa maji yakijaa, na OpenStreetMap ina lebo ya kuonyesha mahali panapofunikwa na maji kujaa. Hivyo zana ya kutafuta njia inapaswa kutamka, katika sentensi zake za mwanzo kabisa, kama huisoma lebo hiyo au huipuuza.