Kiganja Chenye Mabao Matano

Je, wajua kwamba kile kiganja cha emoji unachotumiwa na jirani yako shabiki wa Yanga hakisafiri kama picha? Kinachopita hewani ni namba tu. Namba hizo hugawiwa na taasisi ya Unicode, iliyoko California, na kiganja kilichoinuliwa kiliingia kwenye orodha yake mwaka 2010. Simu ikipokea namba, inachora kiganja chake yenyewe; ndiyo maana cha Samsung hakifanani na cha iPhone.

Wakubwa wa California hawakuwa na habari na watani wa Kariakoo, Simba na Yanga. Huku kwetu maana yake, vidole vitano kwa mabao matano, ilikolea tarehe 5 Novemba 2023, Yanga ilipoifunga Simba 5-1 Uwanja wa Benjamin Mkapa. Hadi mapumziko ngoma ilikuwa 1-1. Kipindi cha pili Maxi Nzengeli akatupia mawili, Aziz Ki moja, Pacôme Zouzoua akafunga hesabu kwa penalti, na simu za watu wa Simba zikajaa viganja visivyo na neno hata moja. (Tuwatendee haki Wanasimba: wao waliwapiga watani 5-0 mwaka 2012, ila enzi hizo mitaa ilijaa simu za kitochi, mkono ukanyooshwa kwa mkono.)

Yanga iliundwa 1935, Simba 1936, na utani wao ulikuwa na mahali pake: kijiwe cha kahawa, kibanda umiza, kwa kinyozi. Aliyefungwa alipita uchochoroni siku mbili tatu hadi upepo utulie. Na mtani naye alitakiwa awe na mdomo. Asiyejua kupiga dongo alizomewa na watu wa timu yake mwenyewe. Kiganja kimefuta masharti yote mawili. Kinakufuata hadi kitandani, na anayekituma hahitaji kipaji chochote. Kwangu mimi, hapo utani umepungukiwa chumvi.

Uchochoro wa siku hizi ni kujitoa kwenye grupu la WhatsApp. Tatizo, kwa miaka mingi grupu zima lilitangaziwa kwamba fulani ametoka, na tangazo hilo likahesabiwa bao la sita. Mwaka 2022 WhatsApp ikalegeza: taarifa sasa humfikia admini peke yake. Ila orodha ya waliotoka ndani ya siku 60 bado inafunguka kwa wanachama, na mtani hachoki kupekua.