Kichocho: Bomba Likikauka, Mto Uko Palepale

Mkaazi wa Mji Mkongwe anaweza kuzeeka bila kukijua kichocho. Mjini hakuna mto wa kuogelea, na maji ya chemchemi yalivutwa kwa mabomba tangu enzi ya Sayyid Barghash, karne ya 19. Ukitoka kwenda Mwera, au kaskazini Kinyasini na Chaani, unakuta mito na mabwawa, na watoto waliowahi kukojoa damu.

Mgonjwa akikojoa majini, mayai ya minyoo huanguliwa, vijidudu vikaingia ndani ya konokono wa maji baridi, vikazaliana humo, kisha vikatoka vikimtafuta mtu. Hupenya ngozi ya anayeoga, anayefua, hata anayevuka tu. Vidonge vya prazikwanteli huua minyoo mikubwa, lakini havimzuii aliyevimeza kuambukizwa tena akirudi mtoni.

Lengo la 3 la Maendeleo Endelevu linataka maradhi ya kitropiki yaliyosahauliwa yakomeshwe ifikapo 2030. Zanzibar ilikwishaanza. Kati ya 2012 na 2017, shehia 90 za Unguja na Pemba zilipewa vidonge mara mbili kwa mwaka. Kundi moja liliishia hapo, jingine likaongezewa dawa ya kuua konokono, la tatu uhamasishaji. Uhamasishaji huo haukuwa hotuba. Walimu wa skuli na madrasa walifundishwa namna ya kuwashirikisha watoto, ikabuniwa michezo ya nchi kavu badala ya kuogelea, vikajengwa vyoo vya kukojolea na sehemu za kufulia mbali na mto.

Maambukizi yalishuka katika makundi yote, tofauti baina yao ikawa ndogo, na kichocho hakikwisha. Wapo watakaosema basi vidonge vyatosha. Mimi sikubali. Miaka mitano ni michache kwa desturi ya kizazi kizima, na Azimio la Ottawa la 1986 lilikwishaeleza kuwa kuhamasisha afya ni kumwezesha mtu kuitawala afya yake, pamoja na kuyatengeneza mazingira anamoishi. Mama anaweza kumjua konokono vizuri kuliko daktari; bomba likikauka siku tatu na nguo za mtoto zimejaa dishi, atakwenda mtoni. Hapo Lengo la 3 linalingoja Lengo la 6, la maji safi kwa wote.

Kwa hiyo nikifika kwenye shehia yenye mto, swali langu la kwanza kwa sheha ni maji ya bomba hutoka saa ngapi, na ile sehemu ya kufulia, nani anaitengeneza ikiharibika.