Kapasita Ikijazwa kwa Hesabu

Chomoa chaja ya kompyuta mpakato ukutani, kisha itazame taa yake ndogo. Mara nyingi haizimiki papo hapo. Hufifia polepole kama utambi ulioishiwa mafuta, ndipo giza linaishika. Umeme wa ukutani umekwisha kukatika, lakini ndani ya chaja zimo kapasita zenye akiba, nazo zinaitoa kidogo kidogo. Kipindi hicho, baada ya swichi kuguswa na kabla mambo hayajatulia, ndicho wataalamu wanachokiita hali ya mpito. Saketi nyepesi kuliko zote za kukichunguzia ina vitu vitatu tu: betri, rezista na kapasita. Kwa maoni yangu, hakuna shule bora kuliko saketi hiyo kwa anayetaka kuiga mwenendo wa umeme kwa kompyuta, kwa sababu jibu lake la kweli linajulikana, na kompyuta ikipotoka haina pa kujificha.

Tuchukue betri ya volti 10, rezista ya omu 10,000 na kapasita ya mikrofaradi 100. Mfano wake ni matangi mawili ya maji yaliyounganishwa kwa mpira mwembamba: tangi tupu hujaa kwa kasi mwanzoni, na kadiri vina vya maji vinavyokaribiana ndivyo maji yanavyopita kwa uvivu. Kapasita nayo, ikiwa tupu, inapokea mkondo wa miliampia 1. Ikifika volti 5, mkondo umebaki nusu. Ukizidisha omu kwa faradi unapata sekunde, na hapa unapata sekunde 1 kamili. Muda huo ukipita, kapasita ina volti 6.32, baada ya sekunde 2 ina 8.65, baada ya 5 ina 9.93, na fundi huihesabu kuwa imejaa.

Umeme hupanda bila kukatika, ilhali kompyuta hupanda ngazi. Njia nyepesi ya kupanda ni ya Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi wa karne ya 18: tazama tofauti iliyobaki, chukua sehemu yake kulingana na urefu wa hatua, ongeza, rudia. Kwa hatua za sekunde 0.1, kapasita inapata volti 1. Zimebaki 9, inaongezwa 0.9 na kuwa 1.9, zimebaki 8.1, inakuwa 2.71. Ni hesabu ya kalamu na karatasi. Kwenye sekunde ya kwanza tunapata 6.51, juu kidogo ya kweli, kwa kuwa kila hatua inadhani mkondo wa mwanzo wake utadumu hadi mwisho wake. Sasa refusha hatua iwe sekunde 2.5. Kapasita inaruka hadi volti 25, inaanguka hadi 12.5 chini ya sifuri, kisha inapaa hadi 43.75. Betri ya volti 10 imezaa volti 43! Kujumlisha hakuna kosa. Kilichokosewa ni urefu wa hatua.

Kosa la namna hiyo linapiga kelele, na mtu hulisikia. Linalonitia wasiwasi ni lile la kimya. Ipo njia nyingine inayotumia tofauti itakayokuwepo mwishoni mwa hatua badala ya ile ya mwanzo. Kwa hatua ileile ndefu inatoa volti 7.14, kisha inapanda kwa utulivu bila kuvuka 10 kamwe. Mchoro wake unapendeza, lakini thamani ya kweli kwenye sekunde 2.5 ni 9.18. Hapo ndipo ninaposhikilia kwamba mchoro laini si ushahidi. Ushahidi ni kukata hatua nusu na kurudia. Kwa njia ya Euler, 6.51 inakuwa 6.42, kisha 6.37, kosa linapungua takriban nusu kila mara, na msomaji anaona jibu linaelekea wapi.

Mtu atauliza kwa haki: fomula ya jibu la kweli ipo, kwa nini tuhangaike? Kwa sababu ukiongeza diodi chache tu, kama zilizomo kwenye chaja, fomula nyepesi hutoweka. Ndiyo kazi ya programu kama SPICE, iliyotoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1973, na ambayo hutumia hatua ndogo kama hizi. Saketi yetu ni jiwe la mizani: uzito wake unajulikana, hivyo mizani hupimwa kwalo kwanza.

Mwingine atasema kapasita ya dukani yenyewe huweza kupishana na maandishi yake kwa asilimia 20, basi kosa la asilimia 3 lina uzito gani? Lina uzito, kwa sababu upishano wa kifaa unaweza kuigwa kwa kurudia hesabu na mikrofaradi 80, kisha 120, lakini kosa la hatua likijichanganya humo hutajua lipi ni la nani. Kwa mfano, kwa betri ileile chukua rezista ya omu milioni 1, upime volti za kapasita kwa mita yenye omu milioni 10. Sindano au tarakimu zitagota 9.09, hazitafika 10, na ni rahisi kuilaumu kapasita kwamba inavuja. Iweke mita ndani ya hesabu kama rezista ya pili, ukiwa umeshaihakiki hatua yako, na mchoro nao utatulia kwenye 9.09.