Kabla ya Kung'oa Nanga

Mazungumzo ya redio. Masomo: Nehemia 2:11–18, Nehemia 5:1–13

Popote ulipo, nyumbani, dukani au shambani, nakuomba uketi nami kitambo kidogo tutafakari swali moja: kiongozi hufanywa wapi? Wengi wetu hudhani kwamba hufanywa siku ya uchaguzi, watu wanapoinua mikono, au siku askofu anapomwekea mtu mikono. Lakini kiongozi huanza kufanywa kabla ya hapo, katika mambo madogo ya kila siku ambayo hakuna anayeyapigia makofi.

Jambo hili nilifundishwa upya nilipokuwa navuka kwenda Mkwiro. Msikilizaji asiyepajua, Mkwiro ni kijiji cha wavuvi kilichoko upande wa mashariki wa kisiwa cha Wasini, kusini kabisa mwa pwani ya Kenya. Wenyeji wake wengi ni ndugu zetu Waislamu. Kisiwa hakina mto, na maji ya mvua hukingwa na kutunzwa kama mali. Ukitaka kufika huko, hupandia chombo Shimoni, ng'ambo ya mlango wa bahari.

Siku ile nahodha wetu alikuwa mzee wa makamo. Tulikuwa tumekwisha kuingia chomboni, lakini yeye hakuondoka. Alitazama mawingu. Alitazama maji kama yanajaa au yanakupwa. Alituhesabu, akamhamisha mama mmoja mwenye mzigo akae katikati. Kisha akainama akatafuta kopo la kutolea maji, akaliweka mahali pake. Kijana mmoja aliyekuwa na haraka akasema, "Mzee, ng'ambo si ile pale? Twende!" Nahodha akamjibu kwa upole, "Mwanangu, maji yakiingia huko katikati, sitakuwa na nafasi ya kutafuta kopo."

Wapenzi, jibu lile lilinichoma, na nitawaambia sababu.

Miaka michache kabla ya safari ile, baada ya sikukuu ya mavuno, fedha za matoleo zilihesabiwa zikaonekana kupungua shilingi 1,800. Mweka hazina wetu alikuwa mama mjane, mtu mzima kuniliko. Mimi sikuuliza, wala sikutazama daftari. Nilisimama mbele ya wazee wa kanisa nikasema kwamba fedha za Bwana hazipotei zenyewe. Kila mtu alijua namsema nani. Mama yule hakujitetea. Aliweka funguo za sanduku mezani, akachukua mkoba wake, akaenda zake.

Siku ya pili yake nilifungua Biblia yangu nikakuta kipande cha karatasi chenye sahihi yangu mwenyewe. Jumamosi usiku nilikuwa nimechukua kwake shilingi 1,800 kumsafirisha mgonjwa hospitalini. Nilikuwa nimesahau kabisa. Nikaenda mbio nyumbani kwake, nikamkuta jikoni, nikamwomba radhi. Akanitazama, akasema, "Baba Mchungaji, ulinituhumu mbele ya wazee, radhi waniomba jikoni?"

Nilirudi mbele ya wazee wale wale, nikasoma ile karatasi kwa sauti, nikakiri kosa langu. Mama alinisamehe, na kanisani hakuacha kuja. Lakini funguo hakuzichukua tena. Kanisa lilipoteza mtumishi mwaminifu kwa sababu mimi sikutafuta kopo kabla ya kung'oa nanga.

Sasa tumtazame Nehemia. Huyu alikuwa mnyweshaji wa mfalme Artashasta wa Uajemi. Alipopata habari kwamba ukuta wa Yerusalemu umebomoka, alilia, akafunga, akaomba. Kutoka mwezi wa Kisleu alipopata habari hizo mpaka mwezi wa Nisani aliposema na mfalme, yapata miezi minne ilipita. Naye alipofika Yerusalemu hakuitisha mkutano siku ile. Alikaa siku tatu. Kisha akaondoka usiku na watu wachache, na mnyama mmoja tu, akauzunguka ukuta na kuona kwa macho yake malango yaliyoteketea, hata akafika mahali ambapo mnyama wake hakuweza kupita. Baada ya hayo ndipo aliposema na watu. Na ukuta ule, Biblia yasema, ulimalizika kwa siku 52.

Tena, katika sura ya 5, maskini walimlilia Nehemia kwamba wakubwa wanawatoza riba na kuwatwaa watoto wao utumwani. Alikasirika sana, na hasira yake ilikuwa ya haki. Hata hivyo, alishauriana kwanza na moyo wake, ndipo akawakemea wakubwa. Hasira ilikuwapo, lakini haikupewa usukani.

Tufanyeje basi, sisi wazee wa kanisa, viongozi wa akina mama, walimu, na wazazi nyumbani? Nataja mazoea manne.

Kwanza, tenganisha mambo matatu kabla ya kufungua kinywa: Nimeona nini? Nimesikia nini? Nadhani nini? Mimi siku ile niliona kwamba fedha zimepungua, basi. Kwamba zimeibwa, nilidhani tu. Lakini nilisema lile la kudhani kana kwamba nililiona. Magomvi mengi ya makanisa yetu yameanzia hapo.

Pili, andika. Kichwa cha kiongozi hubeba mengi, na mengi humwagika njiani. Wavuvi wa pwani yetu wanajua jambo hili. Kanuni za Kenya za mwaka 2007 ziliweka vikundi vya usimamizi wa fuo, ambavyo watu huviita BMU, na Mkwiro ni miongoni mwa vijiji vyenye kikundi hicho. Wanachama huchagua kamati, nayo kamati hutoa hesabu mbele ya mkutano wa wanachama wote. Si kazi nyepesi. Kusini mwa kisiwa kuna hifadhi ya bahari ya Kisite na Mpunguti, iliyotengwa katika miaka ya 1970. Kisite uvuvi umekatazwa. Mpunguti huruhusiwa uvuvi wa jadi. Kwa mvuvi mwenye watoto wa kulisha, neno moja la uvumi kwamba mahali pengine pamefungwa laweza kuwasha moto kijijini. Kiongozi mwenye daftari hulifungua akasoma lililokubaliwa. Asiye nalo hubaki kupaaza sauti tu.

Tatu, tafuta ushauri, ugawe kazi. Musa aliketi tangu asubuhi hata jioni akiamua mashauri ya watu, mpaka Yethro mkwewe akamwonya kwamba atachoka yeye na watu wake pia. Akamshauri aweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi, naye Musa akakubali. Twasema nahodha wengi, chombo huenda mrama, na ni kweli: usukani ushikwe na mmoja. Lakini nahodha mwema humsikiliza baharia aliyeko mbele, maana yule ndiye anayeuona mwamba. Laiti ningalimwuliza mzee mmoja tu siku ile!

Nne, kosa lirekebishwe mahali lilipotendeka. Ukimwumiza mtu hadharani, usimtibu mafichoni. Kiongozi anayekiri kosa hapunguzi heshima yake kwa watu wenye busara. Anayelificha ndiye anayeitafuna heshima hiyo kidogo kidogo, kama mchwa kwenye boriti.

Labda msikilizaji wangu utasema, "Mchungaji, haya ni mambo madogo mno." Naam, ni madogo. Bwana wetu alifundisha, katika Luka 16:10, kwamba uaminifu wa mtu katika yaliyo makubwa huonekana katika yale madogo sana. Kuandika shilingi mia, kufika mkutanoni kwa saa uliyoitaja mwenyewe, kumrudishia jirani jembe siku uliyoahidi: hapo ndipo moyo hufanya mazoezi. Siku ya dhoruba hutapata moyo mwingine. Utatumia ule ule uliouzoeza siku za shwari.

Basi juma hili nakupa kazi moja. Jioni, kabla ya kulala, chukua karatasi uandike neno moja ulilosema siku hiyo juu ya mtu mwingine. Kisha jiulize: niliona, nilisikia, au nilidhani? Kama ulidhani tu, kesho yake umwendee mtu huyo. Na kama ulimsema mbele ya watu, unajua utakapopaswa kusimama.

Tuombe. Ee Mungu, Baba yetu, wewe wazijua nia zetu kabla hatujasema. Utupe macho ya kuona, masikio ya kusikia, na ulimi usiotangulia akili. Uwaponye wote tuliowajeruhi kwa haraka yetu. Na vyombo ulivyotukabidhi, nyumba zetu, makanisa yetu na vijiji vyetu, uvifikishe salama. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.