Je, Fundi Angeliona? Hataza na Kichwa cha Kinasa Sauti

Zamani za kaseti, katika vijiji vya wakulima wa pamba kama Mwamapalala, ambacho leo kimo katika Mkoa wa Simiyu, redio ikianza kufifisha nyimbo za ngoma fundi alifungua kidirisha chake, akachovya pamba katika spiriti, akasugua kidude king'aacho kisichozidi ukucha. Kidude hicho ndicho kichwa cha kinasa sauti. Ndani yake mna kiini cha chuma chenye umbo la pete, kilichozungushiwa waya na kukatwa mwanya mwembamba mno. Umeme upitapo katika waya, nguvu ya sumaku hufurika nje penye mwanya na kuacha alama juu ya utepe.

Eduard Schüller, wa kampuni ya AEG ya Ujerumani, aliiombea pete hiyo hataza mwaka 1933. Je, alistahili? Sheria za hataza, ikiwemo ile ya Tanzania ya mwaka 1987, hudai kwamba uvumbuzi uwe mpya, ufae viwandani, tena usiwe dhahiri kwa mwenye ujuzi wa kazi ile. Mwenye ujuzi huyu ni wa kuwaziwa tu: amesoma yote yaliyokwisha tangazwa, mikono yake ni stadi, lakini hana kipaji cha kubuni. Ikiwa yeye angelifika hapo mwenyewe, basi kumpa mtu mmoja hataza ni kuwatoza mafundi wengine ushuru kwa kazi waliyoiweza.

Upya hupimwa kwa kusoma maandishi ya kale. Fritz Pfleumer alipata hataza ya utepe wa karatasi wenye unga wa chuma, alioubuni mwaka 1928. Mwaka 1936 mahakama ya Ujerumani ikaifuta, kwani wazo hilo lilikwisha kuwamo katika hataza ya Valdemar Poulsen, Mdenmark aliyenasa sauti juu ya waya mwaka 1898.

Udhahiri ni mgumu zaidi. Mtetezi wa Schüller atasema: miaka 35 ilipita tangu Poulsen, na hakuna aliyeiona pete. Hoja hii inavutia, lakini hesabu yake si sawa. Ncha kali za sumaku hazikuudhuru sana waya wa chuma; zilichana karatasi. Taabu hiyo, basi, ilikuwa na umri wa miaka mitano tu. Hata hivyo mimi ningempa hataza. Fundi wa kawaida angelizitia ncha tupa ziwe butu, na kunasa kungeharibika. Kuacha ncha kabisa na kutumia sumaku inayovuja mwanyani ni njia nyingine.

Mwalimu aweza kulijaribu jambo hili. Awape wanafunzi sumaku, karatasi na unga wa chuma, asiitaje pete, kisha awaulize jinsi ya kutia alama nyembamba bila kuikwaruza karatasi. Ahesabu majibu kabla ya kuchora pete ubaoni, maana baada ya hapo kila mmoja atasema aliijua.