Kusoma Eneo Chini ya Mkunjo wa Kawaida

Mtahiniwa aliyepata alama 64 katika insha, ambapo wastani ni 52 na mkengeuko sanifu ni 8, amewapita wenzake kwa kadiri gani? Iwapo alama zimejipanga kwa umbo la kengele, wastani hutolewa katika 64, na baki, 12, hugawanywa kwa 8. Jawabu, 1.5, ndiyo thamani ya z, ambayo eneo lake husomwa katika jedwali.

Hapa ndipo wengi hupotea, kwani majedwali ni ya namna mbili. Moja huhesabu eneo lote la kushoto, nalo hutoa 0.9332, jingine huanzia kwenye wastani, nalo hutoa 0.4332. Asiyeutazama mchoro ulio juu ya jedwali atadai kwamba mtahiniwa huyu hakuwapita hata nusu ya wenzake, ilhali amewapita takriban asilimia 93!

Eneo lililo baina ya alama 48 na 64 hupatikana kwa kutoa: 0.9332 kutoa 0.3085, ambalo ni eneo la kushoto la −0.5, hubaki 0.6247.

Takwimu za lugha, hata hivyo, ni korofi. Urefu wa sentensi huwa na mkia mrefu upande wa kulia, C. B. Williams alionyesha mwaka 1940 kwamba logarithimu za urefu huo ndizo zinazolikaribia umbo la kengele. Mhakiki atakaye kuamua kwa njia hiyo iwapo matini ni ya mwandishi fulani hana budi kuzigeuza hesabu zake kuwa logarithimu kabla ya kulifungua jedwali.